Vifaranga vya sato dume tupu, hawa jamaa wanajua kazi
Wadau wa mabwawa, kuna hachari (kituo cha kutotolesha vifaranga vya samaki) moja huku Mwanza nimechukua vifaranga vya sato monoseksi, yaani wa jinsia moja, na naleta mrejesho maana wengi mnauliza pa kununua. Kwa kweli wako vizuri, na kilichonikosha ni kwamba wanaelewa kinachoendelea ndani ya samaki, siyo kupakia tu kwenye mfuko na kupokea hela.

Dada anayesimamia pale alitupeleka mpaka kwenye vyandarua vya wale wadogo kabisa, milimita 9 mpaka 11 hivi, ndo kwanza wamemaliza kiini cha yai, akasema hawa viungo vyao vya uzazi bado havijashika njia. Homoni zote za jinsia zinaanzia kwenye kolesteroli, kuna protini inaitwa StAR inaiingiza ndani ya mitokondria (vijumba vya nishati ndani ya seli), huko inakatwa na kimeng'enya, inapita hatua kadhaa mpaka inakuwa testosteroni, homoni ya kiume, halafu ndo anakuja kimeng'enya aromatesi, huyu anaigeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike, na ovari inajengeka. Sasa aromatesi akibanwa mapema hata samaki mwenye kromosomu za kike anakuwa dume!

Ndo kazi ya methiltestosteroni, homoni ya kiume ya kutengenezwa wanayolishwa vifaranga, miligramu 60 kwa kilo ya chakula, siku 21 hadi 28, wakichelewa kuanza mmeshapata majike. Tukaona wanavyochanganya: dawa inayeyushwa kwenye spiriti, inamwagiwa kwenye unga wa chakula, unaanikwa kivulini mpaka harufu ya spiriti iishe, na vijana wote wamevaa glavu na barakoa. Hapo niliwapa alama zote, maana hiyo ni homoni siyo chumvi.

Matokeo bwawani nimeyaona. Wakishakua unamgeuza tumbo, unapaka wino kidogo, dume ana matundu mawili na jike matatu, na kwangu majike ni wa kutafuta. Faida yake kubwa jamani, sababu jike anaatamia mayai mdomoni, hali, hakui, halafu bwawa linajaa vitoto vinavyogombania chakula.

Lawama yangu ni usafirishaji, waliahidi asubuhi wakafunga mifuko ya oksijeni jua la saa sita, wengine wakafika hoi, hiyo warekebishe. Na mkienda ulizeni tarehe dozi ilipoanza, wanaiandika kwenye daftari na wanakuonyesha bila shida.