Mashine ya kuchomelea kwa anayejenga fremu ya bagi nyumbani: ipi ununue kwanza

Ukitaka kujenga bagi nyumbani, yaani lile gari jepesi la mabomba lisilo na bodi, lenye injini ya pikipiki au ya Bajaji kwa nyuma, fedha yako ya kwanza ya vifaa iende kwenye mashine ya kuchomelea. Kukunja mabomba unaweza kumpa fundi wa ekzosi ukamlipa kwa kila kona. Grainda ya bei ya chini inakata vizuri tu ukiiwekea diski nzuri. Mshono ndio usiokuwa na njia ya mkato. Fremu yote ni mabomba yaliyoshikwa na mishono, na gari likipinduka korongoni mishono hiyo ndiyo itakayokulinda kichwa.

Mpangilio huu ni kwa mtu anayefanyia kazi uani, kwenye umeme wa kawaida wa nyumba wa volti 230 na soketi ya ampea 13, na ambaye bajeti yake ni ya kudunduliza. Mwenye karakana yenye umeme wa fezi tatu ana chaguo nyingine.

1. Inveta ya rodi, ya DC (mkondo mnyoofu), yenye ampea 140 hadi 160 za kweli

Hii, mashine ndogo ya kielektroniki isiyo na transfoma nzito, ndiyo ya kununua. Ni nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja na kuizungusha fremu nzima bila kuita msaidizi. Haihitaji gesi. Upepo wa uani hauisumbui. Na kubwa kuliko yote, rodi zake, yaani vile vijiti vinavyoyeyuka kuwa mshono, zipo kila mahali. Ukiwa Kariakoo utazipata, na ukiwa mji mdogo wa wilaya wenye maduka mawili ya hardware utazipata vilevile. Mashine ambayo chakula chake kinapatikana jijini peke yake itakulaza kazi wiki nzima kwa sababu ya kifurushi kimoja cha waya.

Kwa bomba la unene wa milimita 2 hadi 3, rodi ya milimita 2.5 ndiyo ya kazi, na inataka ampea 70 hadi 100 kutegemea kona unayochomelea. Kwa hiyo huhitaji mashine ya ampea 250. Unahitaji mashine inayotoa ampea 90 bila kutetereka, kutwa nzima.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapotapeliwa, kwa hiyo tusimame kidogo. Chukua kalamu ukiwa bado dukani. Volti za mwali wa rodi hukadiriwa hivi: 20, jumlisha ampea mara 0.04. Kwa ampea 100 unapata volti 24, yaani wati 2,400 kwenye ncha ya rodi. Mashine nayo inapoteza kiasi, tuseme inafanya kazi kwa asilimia 85, basi ukutani inavuta kama wati 2,800. Gawanya kwa 230: ampea 12 na kidogo. Plagi ya 13 inaiweza, kwa shida.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa kimashine kilichoandikwa 250 ubavuni. Volti 30 mara ampea 250 ni wati 7,500. Ukutani vinakuwa zaidi ya ampea 38. Ukikuta kimefungwa plagi ya 13 na waya mwembamba kama wa pasi, umeshapata jibu: ile 250 ni rangi tu juu ya bati. Ya kweli inaweza kuwa 110 au 120. Na inveta nyingi za bei nafuu huvuta umeme kwa mapigo, kwa hiyo mzigo ukutani huwa mkubwa kuliko hesabu hii inavyoonyesha.

Usiangalie namba kubwa iliyochorwa mbele. Geuza mashine usome kibati cha nyuma. Tafuta asilimia iliyoandikwa karibu na X. Hiyo inasema ndani ya dakika 10 unaweza kuchoma dakika ngapi kabla mashine haijataka kupumzika. Ampea 160 kwa asilimia 60 maana yake unachoma dakika 6 na kupumzika 4. Ikiwa asilimia 20 ni dakika 2 tu. Kipimo cha kimataifa hufanywa kwenye joto la nyuzi 40, lakini vibati vingine huandikwa kwa nyuzi 20 au 25, na hilo kwa Dar es Salaam au Mombasa chini ya paa la bati ni ndoto. Kibati kisichotaja asilimia kabisa, rudisha mashine rafuni.

Hata hivyo asilimia 35 au 40 kwenye ampea 100 zinakutosha. Rodi ya 2.5 inaisha kwa kama dakika moja, kisha unagonga gamba, unapiga brashi, unageuza fremu, unafunga rodi nyingine. Kazi ya bagi yenyewe inaipumzisha mashine.

Mambo mengine ya kukagua kabla ya kulipa: feni ianze kuvuma mara unapowasha, nyaya za kuchomelea ziwe nene na ndefu kiasi, kwa sababu nyingi huja na vikamba vya mita moja na nusu vinavyopata moto, kibanio cha ethi kiwe na shaba inayogusa chuma na kibane kwa nguvu, kisiwe bati lililokunjwa. Kibanio kibovu hubadilishwa kwa fedha kidogo, kwa hiyo hicho peke yake kisikunyime mashine nzuri.

Eksitensheni nayo inahesabika. Waya wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita 30 ukivuta ampea 15 unakula takribani volti 11 njiani. Nunua wa 2.5, na uukunjue wote wakati wa kazi. Ukiuacha umejiviringa kwenye kigurudumu chake utayeyuka.

2. Kutonunua: kumlipa fundi kwa mishono ya uhai

Naiweka ya pili kwa dhati. Ukikata mabomba mwenyewe, ukayapanga na kuyashika kwa vidoa vya mshono, kisha ukambebea fundi mzoefu fremu amalizie mishono ya tao la juu ya kichwa, vishikio vya mikanda na vya sasipensheni, utalipa kazi ya siku moja au mbili. Gerezani ya Dar es Salaam na Kamukunji ya Nairobi kuna mikono iliyochomelea mageti na bodi za malori kwa miaka mingi. Chagua anayekubali kuchoma kipande cha majaribio mbele yako. Anayekasirika ukimwomba hivyo, mwache.

Kwa asiyejua kuchomelea kabisa, mchanganyiko wa namba 1 na namba 2 ndio ninaoupendekeza: nunua inveta, jifunzie kwenye viti, vishikio vya betri na sakafu, na yanayobeba uhai wako mwachie fundi mpaka mkono wako ukomae.

3. Mashine ya waya, inayokubali gesi na bila gesi

Waya unajitoa wenyewe, unabonyeza kitufe na kuvuta mshono. Kwa mabomba membamba ya milimita 1.5 hushinda rodi, maana ni vigumu zaidi kutoboa bomba. Ikiwa na tundu la rodi pia, ni bora zaidi.

Inashuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu mbili. Waya usio na gesi haupatikani nje ya miji mikubwa, na mshono wake unadanganya. Unaweza kukaa juu ya bomba ukapendeza macho huku chini chuma hakijayeyuka hata kidogo. Rodi ikikosea inakuonyesha, waya unakuficha. Ukiinunua, hakikisha mashine inaruhusu kubadilisha chanya na hasi ndani, kwa sababu waya usio na gesi hutaka bunduki, yaani mpini unaotoa waya, iwe hasi, na waya wa gesi hutaka iwe chanya. Mashine nyingi ndogo zimefungwa upande mmoja tu. Pia soma lebo ya waya: ulioandikwa E71T-GS umekusudiwa mshono wa pasi moja, yaani mpitio mmoja, usirundike pasi juu ya pasi.

Gesi ni nzuri ndani ya karakana. Uani upepo huipeperusha na mshono unajaa vitundu.

4. Transfoma ya kienyeji

Zile za kusukwa kwa shaba na mafundi wa mitaani zinachoma kweli, na huvumilia mateso. Lakini ni nzito, huvuta umeme hadi taa za jirani zinafifia, na nyingi hazina kifuniko, nyaya za volti 230 ziko wazi. Penye watoto uani, hapana. Na kwa kuwa ni AC (mkondo geu), rodi za kawaida za 6013 zinaenda nazo, ila kwenye bomba jembamba mwali wake ni mgumu kuutuliza.

TIG, ile ya gesi na ncha ya tungsten, sijaipa namba. Hufanya mshono safi kuliko zote, lakini gesi ya agoni na muda wa kujifunza vitaimaliza bajeti kabla gari halijapata magurudumu.

Rodi, kofia na mabomba

Anza na 6013 za milimita 2.5. Rodi za 7018 zina mshono mgumu kupasuka, ila zinadai ukavu: pakiti ikishafunguliwa hukaa kwenye oveni ya rodi, nyuzi 120 na zaidi. Kwa hewa ya Tanga au Mombasa, 7018 iliyolala wazi kwenye rafu ya duka imeshapoteza faida yake.

Kofia inayojigeuza giza inunuliwe siku ileile ya mashine, giza namba 10 au 11 kwa ampea hizi. Miwani ya jua haizuii. Macho hayaumi papo hapo. Yanaanza usiku, kama yametiwa mchanga, na hakuna kulala.

Kuhusu mabomba, usinunue mabomba ya GI ya maji, yaliyopakwa zinki, kwa kuwa yanang'aa. Zinki yake ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi saa chache baadaye, mtu akadhani ni malaria. Maziwa ambayo mafundi wengi hunywa hayazuii hilo. Chukua bomba jeusi. Na kumbuka bomba la maji huitwa kwa kipimo cha ndani: la inchi 1 lina kipenyo cha nje cha milimita 33.7, la inchi 1¼ lina 42.4.

Kipimo cha kujilinganisha kipo. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa vizimba vya kumlinda dereva hutaka tao kuu liwe bomba lisilo na mshono la kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0, na mengine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Wanafunzi wa uhandisi wanaoshindana kwenye Baja SAE, magari yao yakiwa madogo, kwa mabomba makuu ya fremu huanzia bomba la milimita 25 lenye unene wa 3. Bomba la samani la milimita 1.2 halimo kwenye vipimo hivyo, na lisiwemo kwenye fremu yako.

Unene nao una bei yake. Bomba la 42.4 kwa 3.2 lina takribani kilo 3.1 kwa mita. La 38 kwa 2.5 lina kama 2.2. Fremu ya mita 40 inatofautiana kwa kilo 36 hivi, na injini ya pikipiki itazisikia kwenye kila kilima. Nenda dukani na kalipa upime ukuta wa bomba mwenyewe, maana kinachoandikwa kwenye risiti na kilichopo kwenye bomba si lazima vilingane.

Fremu ikishakuwepo na unataka kuiboresha

Nyufa huanzia pale bomba jembamba lilipokutana na bamba nene, hasa kwenye vishikio vya shokamzoba. Usichomee juu ya ufa. Toboa tundu dogo kwenye ncha yake usiendelee, ukate kwa grainda hadi chuma safi, kisha ujaze. Ongeza bamba la pembetatu kwenye kona, la unene unaokaribiana na wa bomba. Ukiweka bamba la milimita 6 kwenye bomba la 2, umehamisha ufa tu. Ukiwa unabadilisha injini kwenda kubwa, imarisha vishikio vya sasipensheni kabla ya kugusa vya injini. Na betri iondolewe kabla ya kuchomelea, ethi ibanwe karibu kabisa na mshono, ili umeme usipitie kwenye bearingi za magurudumu.

Jaribio la siku ya kwanza

Fanya hili dhamana ya duka ikiwa bado hai. Kata vipande viwili vya bomba lilelile utakalojengea, viunge umbo la T kwa rodi ya 2.5 kwenye ampea 85, upande mmoja tu. Acha vipoe vyenyewe, usimwagie maji. Bana kimoja kwenye jiliwa, piga kingine kwa nyundo kutoka upande usio na mshono, kuelekea upande wenye mshono, hadi kilale. Bomba likikunjika au kuchanika pembeni ya mshono, mashine na mkono viko sawa. Mshono ukibanduka mzima, chini yake pakaonekana bomba lisiloyeyuka, ongeza ampea 10 urudie. Ukifika mwisho wa kipimo cha mashine na bado unabanduka, irudishe dukani pamoja na vipande hivyo.