Warmshowers kwa siku ya mapumziko: naisifia usiku wa pili

Wengi wanaoisifu Warmshowers huisifu kwa kulala bure. Mimi naisifia usiku wa pili. Ukisafiri kwa baiskeli peke yako wiki baada ya wiki, usiku mmoja nyumbani kwa mtu ni kituo tu: unaoga, unakula, unalala, alfajiri uko barabarani. Ukilala mara mbili unapata siku nzima ambayo hufungi hema wala hupakii mabegi, na mimi huduma hii naitumia kwa ajili ya siku hiyo.

Kwa asiyeijua, huu ni mtandao wa waendesha baiskeli wa safari ndefu, ulioanza mwaka 1993, ambao wanachama wake hukaribishana majumbani. Sasa una ramani kwenye intaneti na programu ya simu. Mgeni na mwenyeji hawalipani kitu. Anayekaribishwa leo anatarajiwa naye kupokea wengine atakaporudi kwake. Kila mwenyeji hueleza anachoweza kutoa: kitanda au nafasi ya hema uani, bafu, jiko, mashine ya kufulia, mahali pa kuweka mizigo, hata umbali wa duka la baiskeli lililo karibu.

Ninapotafuta pa kupumzikia, jambo la kwanza kuangalia ni kufulia. Kaptura yenye pedi isipofuliwa ikatakata na kukauka kabisa, ngozi ndiyo inayoumia. Jasho, unyevu na msuguano huzaa vipele, na kipele kimoja mahali unapokalia siti kinaweza kukusimamisha kuliko mlima wowote. Njiani nafulia kwenye sinki na kuanika juu ya mabegi, lakini pedi nene haikauki kwa usiku mmoja. Siku ya mapumziko inakauka juani huku mimi nimevaa nguo pana na ngozi inapata hewa.

La pili ni duka la baiskeli, kwa sababu baiskeli nayo inahitaji siku yake. Hapo ndipo napima mnyororo. Kwa baiskeli yenye gia 11 nyuma, mnyororo ukishalika na kurefuka kwa asilimia 0.5 ni wa kubadilisha, kabla haujaanza kula meno ya gia za nyuma. Nakagua pedi za breki, nachomoa vijiwe na vipande vya glasi kwenye tairi, naziba tyubu zilizokaa na pancha. Mwenyeji ambaye ni mwendesha baiskeli huwa na spana, grisi na pampu ya kusimama, na mara nyingi ana kamba darini za kuininginiza baiskeli. Hoteli haikupi hivyo.

Lakini vifaa sivyo vinavyonirudisha. Msafiri wa peke yake hana wa kumwambia kwamba amechoka. Kichwa kinahesabu kilomita, kinataka kuongeza nyingine, na miguu haina msemaji. Kuna mwenyeji aliyenitazama nikishuka ngazi zake kwa ubavu, mkono kwenye ukuta, naye hakuniuliza kesho naondoka saa ngapi. Aliniuliza nguo chafu ziko begi gani. Nilimpenda mtu yule kwa swali lile. Watu wengine huniuliza kama siogopi, mwanamke peke yangu; wenyeji hawa huuliza upepo ulikuwa unatoka wapi na kama vidole vinakufa ganzi. Vyangu hufa ganzi, cha mwisho na jirani yake, kwa kuwa neva ya upande huo hubanwa na usukani siku nzima, na kuuweka mkono mbali na usukani ndiyo nafuu yake ya kwanza. Misuli nayo huhitaji takribani saa 24 za kula wanga wa kutosha ili ijaze tena akiba iliyochomwa. Kuwa na jiko ambalo unaruhusiwa kupika na kupika tena ni neema kubwa.

Kasoro zipo. Wenyeji ni wengi Ulaya Magharibi na Amerika ya Kaskazini. Penginepo unaweza kwenda siku kadhaa bila kumpata hata mmoja, kwa hiyo unapumzika alipo mwenyeji, si pale mwili unapoomba. Tena wewe ni mgeni, na ugeni una kazi yake. Usiku wa kwanza mazungumzo hutiririka, maana umekaa muda mrefu bila mtu wa kuongea naye. Siku ya pili unaweza kutamani kimya, na si heshima kujifungia chumbani mwa mtu aliyekufungulia mlango. Mimi nachagua wenyeji wanaokwenda kazini mchana, na ujumbe wangu wa kwanza husema wazi, siku kadhaa kabla: naomba kulala mara mbili, siku ya katikati nitalala, nitafua na kutengeneza baiskeli. Kuomba usiku wa pili ukiwa tayari umeketi mezani kwake ni kumbana mtu. Akisema ana nafasi ya usiku mmoja tu, namshukuru na kutafuta kwingine.

Kwa wanawake wanaosafiri peke yao: someni maoni ya wageni waliotangulia, hasa ya wanawake waliofika wenyewe. Nyumba isiyo na maoni hayo mimi huipita, hata mvua ikinyesha. Nami huandika yangu kwa kirefu nikiondoka, nikitaja mlango wa chumba kama unafungwa kwa ndani na nani mwingine anaishi humo, kwa sababu hayo ndiyo ninayoyatafuta.

Ukiwa na homa au tumbo linauma, usiende kwa mwenyeji. Lipia chumba chenye choo chake, ulale mpaka upone.