Huduma ya nidhamu katika mbio za baiskeli: dawa moja, hukumu tatu

Tukiutazama mfumo wa UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, wa kuadhibu matumizi ya dawa zilizokatazwa michezoni kama huduma, wanaohudumiwa ni wawili: mwendesha baiskeli anayetuhumiwa, ambaye anataka kesi yake iamuliwe mapema na kwa kipimo kilekile walichopimiwa wenzake, na mtazamaji, ambaye anataka kujua kama mshindi aliyemshangilia atabaki kuwa mshindi. Kwa upimaji wenyewe, ambao tangu 2021 umekabidhiwa ITA, wakala huru wa kimataifa wa upimaji, sina malalamiko makubwa. Naupa mfumo huu nyota mbili kati ya tano, na kilichouangusha ni hukumu.

Tuchukue salbutamol, dawa ya pumu ambayo mchezaji anaruhusiwa kuivuta kwa mdomo mradi mkojo wake usizidi nanogramu 1,000 kwa mililita. Katika Giro d'Italia ya 2007, mbio za wiki tatu za Italia zinazogawanywa kwa hatua za siku mojamoja, Alessandro Petacchi alikutwa na 1,320. Mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, ilikubali kwamba hakukusudia kudanganya, ikamfungia mwaka mmoja hata hivyo, na ushindi wake wa hatua tano ukafutwa. Diego Ulissi alikutwa na 1,900 katika Giro ya 2014, akajitolea kupimwa maabara ili ajitetee, vipimo havikumsaidia, na kamati ya nidhamu ya Uswisi ikamfungia miezi tisa. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi ambaye wengi wetu Afrika Mashariki tulimfuatilia kwa mapenzi ya nyumbani, alikutwa na 2,000 katika Vuelta ya 2017, mbio za namna hiyo za Hispania, kiasi kinachowazidi wote wawili, na tarehe 2 Julai 2018 UCI ikaifunga kesi yake bila adhabu yoyote.

Sisemi kwamba Froome alistahili kufungiwa. Kiasi chake kilirekebishwa kwa kuzingatia uzito wa mkojo, kwa kuwa aliyepungukiwa na maji mwilini hutoa mkojo mzito, kikashuka hadi 1,429. Na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, ilikubali kwamba maabara isingeweza kuiga hali ya mtu aliyekuwa mgonjwa, akibadilisha dozi, katikati ya wiki za mashindano makali. Hoja hizo zina uzito. Lakini Petacchi alihukumiwa kabla marekebisho ya namna hiyo hayajaingia kwenye kanuni, na Ulissi naye alipimwa katikati ya mbio za wiki tatu. Tena kesi ya kitaalamu ya miezi tisa kama ya Froome inahitaji mawakili na wanasayansi ambao mwendeshaji wa timu ndogo hawezi kuwalipa. Anayeshuku kwamba fedha ndiyo iliyoamua anaweza kuwa amekosea, ila hukumu yenye hoja zote, ambayo ndiyo ingemjibu, haikuwekwa hadharani.

Kwa upande wa uwazi, kesi ya Alberto Contador, aliyekutwa na klenbuterol, dawa iliyokatazwa, katika Tour de France ya 2010, ilishughulikiwa vizuri zaidi, maana CAS ilichapisha hukumu nzima. Humo majaji wanaeleza kwamba chanzo chenye uwezekano mkubwa cha ile klenbuterol, pikogramu 50 tu kwa mililita, kilikuwa kirutubisho kilichochafuliwa, na bado wakamfungia miaka miwili kwa sababu kanuni inamtaka mchezaji awajibike kwa kila kinachoingia mwilini mwake. Ni adhabu kali, ila unaweza kuifuata hatua kwa hatua. Kasi ndiyo iliyokuwa aibu: alipimwa Julai 2010, akahukumiwa Februari 2012, na katikati hapo alishinda Giro ya 2011, ambayo nayo ilifutwa. Andy Schleck, aliyekuwa wa pili, akarithi Tour hiyo ya 2010 bila kuwahi kusimama jukwaani Paris kama bingwa. Contador mwenyewe, kwa kuwa adhabu ilihesabiwa kurudi nyuma, alikuwa huru Agosti 2012 na mwezi uliofuata akashinda Vuelta.

Punguzo la adhabu kwa wanaotoa ushahidi nalikubali, maana bila wenzake wa timu kusema, Lance Armstrong, Mmarekani aliyevuliwa mataji yake ya Tour, asingepatikana. Hata hivyo, miezi sita waliyopewa George Hincapie, Levi Leipheimer na wenzao ilianza Septemba 2012, msimu ukiwa ukingoni, wakati Armstrong alifungiwa maisha. Hincapie alikuwa ameshatangaza kustaafu, kwa hiyo kwake kifungo hicho hakikumzuia kushiriki mbio hata moja.