Spika ya bluetooth ya Digo Road, nimeipima kwa ndege

Nlinunua hii spika pale Digo Road, Mombasa, sh 2,800, kijana alianzia 3,500 tukavutana wee mpaka akasema haya dada chukua, ukaijaribu uje unipe habari. Sasa ni miezi minne na habari ndo hizi.

Mie spika nanunua kwa ajili ya ndege. Kwa simu nna rekodi ya ʻōʻō, ndege wa kisiwa cha Kauai huko Hawaii, wa mwisho alisikika 1987, na 2023 Marekani ikamfuta kwenye orodha ya wanaolindwa maana hayupo tena. Hawa walikua wakiimba dume na jike wakipokezana, jike wa mwisho akapotea na kimbunga Iwa 1982, kwa hivo kwenye rekodi dume anaita, sauti ya filimbi kama yatoka ndani ya mtungi, halafu ananyamaza kumpisha mwenzake. Spika yangu ya zamani ikifika hapo pa kunyamaza yajikata, ikirudi ishakula mwanzo wa wimbo. Hii haikati, wasikia mpaka mkwaruzo wa kanda. Mamangu alikua jikoni akauliza, huyo ndege mbona aita hajibiwi?

Alfajiri moja nikarekodi shore wetu wawili kwa mpapai wa nyuma nikaicheza rekodi yao baada ya ile ya ʻōʻō. Kwa umbo hawaachani sana, wote kama sentimita 20, ʻōʻō mweusi na manyoya ya manjano mapajani, shore rangi ya udongo na manjano yake iko chini ya mkia, akiinama kudonoa papai utaiona. Lakini sauti ni mbali wallahi, shore hawaachi nafasi, mmoja akinyamaza mwengine kashadaka.

Yule wa Kauai kamalizwa na malaria ya ndege, mbu walioletwa na meli, na panya juu yake. Sie tuna hawa kunguru wa Bara Hindi, juzi wamekishusha kiota cha shore pale pale mpapaini, makinda chini, roho iliniuma mpaka leo.

Haya, kasoro. Besi hakuna, ya harusi usinunue. Ukipita nusu ya sauti, noti nyembamba zapasuka, na kile kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kimeshalegea. Chaji yakaa saa tano hivi, stima ikipotea usiku yatosha.

Wiki ijayo narudi kuchukua nyengine ya dadangu wa Likoni, kwake kuna ndege chozi kila asubuhi.