Tovuti ya biashara ndogo: uandike HTML mwenyewe au uchukue WordPress? Mpangilio wangu, wa kwanza hadi wa saba

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Pangani aliniuliza swali ambalo tangu siku hiyo namuuliza kila mteja kabla hatujagusa habari za hela. Nilikuwa nimemwonyesha kwenye simu tovuti niliyomwandikia: kurasa tano, picha za ufukwe, ramani, kitufe cha WhatsApp. Akaitazama yote, akanirudishia simu.

"Nzuri, mwanangu. Sasa Desemba nikipandisha bei, nakupigia wewe?"

Ndiyo, angenipigia mimi. Na siku nisipopatikana, wageni wangefika na bei ya Julai mkononi.

Kwa hiyo mpangilio huu nimeufuatisha swali la mama: nani atabadilisha bei, na mara ngapi kwa mwaka? Nazungumzia tovuti za duka, shule, nyumba ya ibada, nyumba ya wageni, ofisi ya watu wachache. Wenye benki wana mafundi wao.

Tuelewane maneno kwanza. Mfumo wa kusimamia maudhui, kama WordPress, ni programu inayokaa kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuipeleka kwa wasomaji. Unaingia kwa nywila, unaandika kama unavyoandika barua pepe, unabonyeza kitufe, habari inatoka. Maandishi yako yanakaa kwenye hifadhidata, na ukurasa huundwa pale msomaji anapoufungua. Kuandika mwenyewe ni kutengeneza mafaili ya HTML (lugha ya kuandikia kurasa) na CSS (ya kuzipa sura) kwa mkono na kuyapandisha kwenye seva yakiwa yameshakamilika. (Nasema "kuandika msimbo". Nilipokuwa nasema "naandika kodi", shangazi yangu aliamini nimepata kazi TRA.)

Jambo moja linatangulia yote: domeni, yaani lile jina la tovuti. Lisajiliwe kwa jina lako na kwa barua pepe yako, hata kama fundi ndiye anayelipia kwa niaba yako. Jina la .com huwa kati ya dola 10 na 15 hivi kwa mwaka, ya .co.tz na .co.ke yanauzwa na mawakala waliosajiliwa. Naijua shule ambayo fundi wake alisajili domeni kwa jina lake mwenyewe, kisha akahamia nje ya nchi na namba yake ikafa. Shule ilibuni jina jipya na kuchapisha vipeperushi upya. Tovuti inajengwa tena kwa wiki moja, lakini jina likishapotea halirudi kirahisi.

1. HTML ya mkono: kwa wale ambao habari zao hazibadiliki

Wenzangu wa kazi hii watanicheka. Lakini watu wengi wanaonijia na maneno "nataka WordPress" wanahitaji kurasa nne: sisi ni nani, tunauza nini, tupo wapi, tupigie. Kurasa hizo hubadilika mara mbili kwa mwaka. Kuziwekea hifadhidata ni kama kununua jenereta ya hospitali kwa ajili ya taa moja ya barazani.

Faili la HTML halina ukurasa wa kuingilia, kwa hiyo hakuna wa kukisia nywila. Halina masasisho ya kila mwezi. Linakaa bure kwenye huduma za kuhifadhi tovuti kama GitHub Pages, Netlify au Cloudflare Pages, pamoja na ile kufuli ya https, na unaweza kuliunganisha na domeni yako. (GitHub hawataki uitumie kuendeshea duka la mtandaoni, lakini ukurasa wa kujitambulisha hauna shida.) Na HTML haizeeki. Tim Berners-Lee alianza kurasa za wavuti pale CERN mwanzoni mwa miaka ya 1990, na nakala ya ukurasa wake ya mwaka 1992 inafunguka kwenye simu yako leo bila kulalamika.

Kwa msomaji wa huku, wepesi ndio faida kubwa kuliko zote. Anayefungua kwa bando la siku hasubiri. Maandishi ya ukurasa mzima hayafiki hata kilobaiti 20. Kinachoua ni picha: picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu huwa na megabaiti tatu, nne. Ipunguze upana hadi pikseli 1,200 na uihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, itashuka hadi kilobaiti mia na kitu, na hakuna mgeni atakayegundua tofauti.

Ukiwa na jioni za wiki mbili, HTML ya kukutosha utaijua. Kuna vitu vitatu ambavyo wanaoanza huvisahau. Juu kabisa andika `<html lang="sw">`, ili kivinjari kijue ni Kiswahili na programu zinazowasomea wasioona zisiyatamke maneno yako Kiingereza. Weka `<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`; bila mstari huo, simu huonyesha ukurasa mzima kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Na kiungo cha WhatsApp huandikwa wa.me kisha mkwaju kisha namba inayoanza na 255 au 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Nimekuta biashara zimekaa miezi na kitufe cha WhatsApp kisichokwenda popote kwa sababu ya sifuri hiyo.

Turudi kwa mama wa Pangani. Suluhisho lilikuwa mpwa wake, kijana wa kidato cha nne. Mafaili yapo GitHub. Anafungua lile la bei kwenye simu yake, anagusa alama ya kalamu, anafuta 60,000 anaandika 75,000, anahifadhi. Baada ya dakika moja hivi bei mpya iko hewani. Nilimfundisha mchana mmoja chini ya mwembe. Wiki ya pili, katika kufuta, alifuta na alama moja ya `>`, na nusu ya ukurasa ikatoweka. Nilipigiwa saa tatu usiku. Lakini GitHub hutunza kila toleo la nyuma, kwa hiyo nilirudisha la jana nikaendelea kula. Tangu hapo hajakosea, na sasa anajua HTML kuliko walimu wake.

Ila kama huna mpwa wa namna hiyo, na bei zako hubadilika kila wiki, ruka hadi namba mbili.

2. WordPress unayoikodishia seva mwenyewe: kwa wanaoandika kila wiki

Shule inayotoa matangazo, kikundi kinachochapisha habari, mshauri anayeandika makala: hao ni watu wa WordPress. Programu yenyewe ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, na kwa hesabu za W3Techs inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Kwangu ukubwa huo una maana moja tu: fundi wako akikukimbia, kuna mwingine mtaa wa pili.

Usichanganye majina. Kutoka WordPress.org unapakua programu na kuiweka kwenye seva uliyokodi. WordPress.com ni kampuni inayokupangisha, na unavyotaka uhuru zaidi ndivyo malipo yanavyopanda. Hapa nazungumzia ya kwanza.

Sasa ubaya wake, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mwalimu mkuu mmoja alinipigia: "Kaka, tovuti yetu inauza viatu." Nikadhani utani. Nikaitafuta shule kwenye Google, na kweli, chini ya jina la shule kulikuwa na mistari ya herufi za Kijapani na bei za viatu. Ukiifungua tovuti yenyewe unaona kila kitu kiko sawa, watoto kwenye paredi, wimbo wa shule. Wadukuzi walikuwa wanamwonyesha Google kurasa zao na kuwaonyesha wazazi za shule. Nikaingia kwenye seva, kwenye kabrasha la uploads ambalo hukaa picha tu. Katikati ya picha za mahafali kulikuwa na faili linaloishia na .php, yaani faili la programu. Picha haiwi .php. Chanzo chake kilikuwa mandhari (sura ya tovuti iliyotengenezwa tayari) ya kulipia ambayo aliyewajengea aliishusha bure kwenye tovuti ya wizi, na mlango wa nyuma ulikuja ndani yake. Walikwepa dola zisizofika mia, wakalipa siku nne za kazi yangu.

Mandhari chukua ya bure kwenye hazina rasmi ya WordPress, au nunua kwa mwenyewe. Programu-jalizi, yaani nyongeza za kuipa WordPress kazi mpya, ziwe chache. Zangu hazizidi nane, na kila ninayoiongeza naiuliza inanifanyia nini ambacho siwezi kuishi bila. Masasisho yajiendeshe yenyewe. Matoleo ya 4.7.0 na 4.7.1 yalikuwa na tundu lililomruhusu mtu yeyote kubadilisha maandishi ya tovuti bila nywila. Kiraka kilitoka mwishoni mwa Januari 2017, na kufikia Februari kurasa zaidi ya milioni moja zilikuwa zimechafuliwa, za wale ambao hawakuwa wamesasisha. Nakala ya akiba isikae kwenye seva ileile. Nyumba ikiungua, na ufunguo wa akiba uliokuwa kabatini umeungua. Na mwalimu anayepandisha matangazo mpe cheo cha mhariri. Funguo zote awe nazo mtu mmoja, wawili wakizidi sana.

Uzito pia. Zile programu za kujenga ukurasa kwa kuburuta vipande zinapendeza kwenye kompyuta ya fundi, kisha ukurasa wa mwanzo unakuwa na megabaiti tatu. Jaribu kuufungua ukiwa kwenye daladala, mtandao wa 3G, kabla hujamaliza kulipa.

Gharama yake halisi ni ya kila mwaka: domeni, seva, na mtu wa kuangalia. Hiyo ya tatu ndiyo watu hawaiweki kwenye bajeti.

3. Hugo, Jekyll, Eleventy

Hizi ni programu zinazosimama katikati ya HTML ya mkono na WordPress. Unaandika makala kwa maandishi matupu, programu inayageuza kuwa HTML, unapandisha. Wepesi wa namba moja, na makala mia tano hazikuchoshi. Kwa mtu anayezoea skrini nyeusi ya amri, hii ndiyo ningeiweka ya kwanza kabisa, na tovuti yangu mwenyewe ni Hugo. Kwa katibu wa shule ni mateso. Usimuuzie.

4. Wix na Squarespace

Hizi ni huduma za kujijengea tovuti hukohuko kwao mtandaoni: chumba chenye fanicha. Unaingia jioni, asubuhi unakaribisha wageni, na sitamcheka mtu aliyechagua hivyo kwa sababu ana harusi ya kutangaza au mkutano wa wiki ijayo. Ila kitanda si chako. Tovuti ya Wix huwezi kuibeba ukaiweka kwenye seva nyingine; ukihama, unajenga upya. Hata kiolezo ulichoanza nacho hukibadilishi bila kuanza tena. Mpango wa bure wa Wix unabandika tangazo lao na haukubali domeni yako. Squarespace hawana mpango wa bure, wana majaribio ya siku 14. Malipo kwa kawaida ni kwa kadi, kwa dola, ya mwezi au ya mwaka. Kadi ikigoma ukiwa msibani, tovuti nayo inazima.

5. Duka kamili: Shopify, au WooCommerce juu ya WordPress

Uliza kwanza wateja wako wanalipa kwa nini. Kama ni M-Pesa na Airtel Money, ugumu wa duka lako utakuwa kwenye malipo, na rafu za kupangia bidhaa ni kazi ndogo. Shopify ni safi na haikusumbui na seva, lakini huduma yao wenyewe ya malipo haijafika kwetu, na ukitumia mpokeaji malipo wa nje wanakata asilimia yao kwenye kila mauzo. WooCommerce, ambayo ni programu-jalizi ya duka, inakuachia uhuru, na kwa Kenya Safaricom wana Daraja, mlango wa wanaprogramu, ambao ndio huleta lile dirisha la kuweka PIN kwenye simu ya mteja. Mlango huo unahitaji fundi anayejua anachofanya. Kama unauza bidhaa chini ya thelathini, katalogi ya WhatsApp Business na ukurasa mmoja wa HTML vitakutosha mwaka wa kwanza.

Na usikusanye majina na namba za watu kwenye fomu kwa mazoea tu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania ilipitisha yake 2022. Kitufe cha kukupigia hakihifadhi kitu.

6. Joomla na Drupal

Nayo ni mifumo ya kusimamia maudhui kama WordPress. Drupal, iliyoanzishwa na Dries Buytaert mwaka 2001, ni imara na ina heshima yake kwenye vyuo na serikali. Kwa duka la vipuri, hapana. Oktoba 2014 lilitoka tundu baya kiasi kwamba wenyewe walitangaza: kama hukuweka kiraka ndani ya saa saba, hesabu kwamba umeshaingiliwa. Saa saba! Nani wa kukesha hivyo dukani kwako? Joomla ilinifundisha kazi, naipenda kama baiskeli ya kwanza, ila mafundi wake wanazidi kupungua mitaani.

7. Kujitungia mfumo wako mwenyewe kuanzia sifuri

Kuna kijana atakayekuja kukwambia WordPress ni ya watu wavivu, atakuandikia mfumo wako mwenyewe kwa PHP, hakuna atakayeudukua kwa kuwa hakuna anayeujua. Namfahamu vizuri; nilikuwa mimi. Nilimjengea mwenye duka la vifaa vya ujenzi mfumo wa namna hiyo, miezi minne, nikasahau kuweka njia ya kubadilisha nywila. Mpaka leo wanaingia kwa ileile niliyowapa siku ya kwanza, imeandikwa kwa kalamu ya maki kwenye ukuta nyuma ya mizani ya misumari, na kila nikienda kununua bati wananiuliza lini nitakuja kuirekebisha.