Vikundi vya kupalilia mahindi, Maseno na Luanda, magharibi mwa Kenya: nyota tatu kati ya tano

Huduma yenyewe haina mambo mengi. Unampigia nyapara simu, asubuhi analeta vibarua wanane au kumi na majembe yao, mnapatana bei ya siku, jioni kila mtu analipwa sawa. Wanafika mapema, majembe yana makali, na shamba la mtu anayeishi mjini Kisumu linashughulikiwa bila yeye kuhangaika kutafuta watu. Nyota mbili zinapotea kwa sababu ya hayo malipo ya siku.

Kumi wakiingia shambani kwa pamoja, jioni hakuna ajuaye mstari upi ni wa nani. Ukikagua, utakuta kando ya njia pako safi, katikati magugu yamefukiwa udongo tu. Mvua ikinyesha yanachipuka tena.

Usimlaumu nyapara kwamba kaleta wavivu. Maximilien Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliwapima watu wakivuta kamba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913: wakiwa wanane, kila mmoja alitoa takribani nusu ya nguvu anayotoa akivuta peke yake. Sehemu ya upungufu huo ni kutovuta kwa wakati mmoja. Lakini mwaka 1974 mtafiti Alan Ingham na wenzake waliwafunga watu macho, wakawaaminisha kwamba kuna wenzao wanaovuta nyuma yao, kumbe kila mmoja anavuta peke yake. Bado walilegeza. Mtu hutegea jasho lake lisipoonekana. Na akihisi jirani anategea, naye hataki kumfanyia kazi. Kwa hiyo kuwatawanya vibarua wasigongane majembe hakutoshi.

Dawa ni kugawa mistari kabla jembe halijagusa udongo. Ekari ya mraba, mistari ikiachana sentimita 75, ina mistari kama 84. Ita watu sita badala ya kumi, kila mmoja apewe 14, na kijiti chenye jina lake kichomekwe mwanzoni mwa sehemu yake. Ukaguzi na malipo navyo viwe vya mtu mmoja mmoja, kwa mistari aliyomaliza. Nyapara wengine hununa kidogo, maana kikundi kikubwa ndicho faida yao, lakini wengi hukubali.

Kulipa kwa mistari nako kuna hatari yake: haraka. Anayekimbia hukata mizizi ya mahindi na kuacha nyasi zilizobana shina. Kagua mistari miwili ya kwanza ya kila mtu kabla hajaendelea. Fukua udongo kidogo karibu na shina kwa kiatu. Magugu mabichi yakitokea chini, arudie mistari hiyo kabla ya kuanza wa tatu. Magugu yaliyong'olewa yakung'utwe udongo, hasa siku za mvua, la sivyo yanashika mizizi upya.

Wasichokufanyia kabisa ni kung'oa kayongo, gugu linalonyonya mahindi (striga). Huota chini kwa chini kwenye mizizi ya mahindi, na mara nyingi huchomoza baada ya palizi ya pili, wakati kikundi kimeshalipwa na kuondoka. Jembe halisaidii sana hapo. Patana tangu mwanzo kuhusu siku ya kung'oa kwa mkono kabla maua ya zambarau hayajatoa mbegu: watu wawili tu, kila mmoja na nusu yake ya shamba, walipwe kando, na walichong'oa kichomwe siku hiyohiyo.