Aqua ya haibridi hapa Tanga: mafuta, betri na gunia la machungwa

Kila nikisimama sheli lazima mtu aniulize, eti kaka hii ya umeme inakulaje? Kwanza sio ya umeme, huichomeki popote, ni haibridi, petroli ni ile ile tunayoweka wote, ila kuna betri kubwa chini ya siti ya nyuma inajichaji ukiachia mafuta au ukikanyaga breki, na ikipungua injini yenyewe inaichaji. Yangu ni Toyota Aqua cc 1500, niliinunua mkononi kwa mtu Dar, nina nayo miaka miwili kasoro na nimeshatembea kilomita 31,000.

Hesabu zangu hizi hapa. Nakaa Pongwe, kibarua kiko mjini, ukichanganya na kuzungusha watoto shule inafika kilomita 40 kwa siku, siku 26 za mwezi ni 1,040. Toyota Premio ya kawaida ya cc 1800 niliyokuwa nayo ilinipa kilomita 10 kwa lita AC ikiwa imewashwa (na AC Tanga sio anasa jamani, Februari hiyo utakaaje bila AC), kwa hiyo lita 104. Aqua inanipa 21, yaani lita 50 basi. Chukua lita kwa 3,000 kurahisisha maana EWURA wanabadilisha bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nilikuwa natoa 312,000 sasa natoa 150,000. Zile 35.4 kwa lita ambazo Wajapani waliiandikia kwa kipimo chao cha JC08 sahau, mimi sijawahi kuziona hata nikiendesha kama nimebeba mayai.

Lakini usidanganywe kwamba kila safari utaokoa hivyo. Tanga Dar ni kama kilomita 350 kupitia Segera na Chalinze, ukiwa barabara kuu unakimbia 100 injini inafanya kazi muda wote, nafuu inabaki lita saba nane ukilinganisha na Premio, basi. Hii gari utamu wake ni mjini, unaachia mafuta, unateleza, injini inazima, unasikia matairi tu. Na hapo kuna balaa lake, maana mji wetu ni wa baiskeli, mzee yuko katikati ya barabara Ngamiani hakusikii kabisa, ukimpigia honi karibu anaruka nusura aanguke halafu matusi yote yako. Nimezoea kupiga honi ndogo nikiwa bado mbali.

Servisi sina malalamiko. Oili ni nyepesi ile 0W-20, usikubali fundi akuwekee nzito kwa vile ndiyo aliyonayo dukani. Stata haina, altaneta haina, kwa hiyo hizo spea hutakaa uzinunue. Brekipedi nilizonunua nayo ndizo ziko mpaka leo kwa sababu kazi kubwa ya kupunguza mwendo inafanywa na mota ya umeme, ile inayosaidiana na injini. Iko chini lakini, matuta ya mtaani kwetu inakwaruza tumbo ukibeba watu wanne wazima, na masika nikiona dimbwi silielewi nazunguka.

Kilichowahi kuniaibisha ni betri ndogo, ile ya kawaida ya volti 12. Mpwa wangu alikaa ndani saa mbili nzima anasikiliza muziki bila kuiweka READY (yaani kuiwasha kabisa mpaka neno hilo litokee kwenye dashibodi), na isipokuwa READY betri kubwa haiichaji ndogo. Narudi, taa zimefifia, gari haikubali. Vijana wa bodaboda wakaja mbio, bosi weka gia ya pili tukusukume! Nikawaambia hii haisukumwi ikawaka, hawakuamini, wakasukuma mpaka jasho likawatoka, mmoja akasema basi gari gani hii. Dawa yake ni kubusti tu, fungua boneti, kwenye kiboksi cha fyuzi kuna sehemu ya kushikia waya wa chanya, dakika mbili imewaka.

Sasa betri kubwa, ambayo ndiyo kila mtu anaiogopa. Mwaka jana tumetoka Muheza na gunia la machungwa, buti limejaa, gunia tukaliweka chini kwenye miguu ya siti ya nyuma. Kabla ya kufika nyumbani nikasikia nyuma feni inalia vuuu kama kikaushio cha saluni, mara dashibodi ikawasha onyo la mfumo wa haibridi na gari ikawa nzito. Fundi wa kwanza hata siti hakuinua, akasema betri imekufa, lete milioni na nusu nikutafutie iliyotumika. Nilishaanza kupiga simu kukopa! Bahati shemeji akanipeleka kwa kijana mwingine, akapima kwa mashine, akainua siti, akafungua feni ya kupozea betri. Mapanga yake yalikuwa hayaonekani, vumbi limegandana na nywele na manyoya ya kapeti kama kofia. Ile betri inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, hewa inaingia kwenye kidirisha cha matundu pale chini ya siti, na mimi nilikuwa nimekiziba kwa gunia juu ya vumbi lote hilo. Akasafisha, akafuta onyo, 40,000, mpaka leo sijaliona tena.

Kijana huyo ndiye aliyenionyesha nyaya za rangi ya chungwa, akaniambia hizo fundi wa chini ya mwembe asizishike, betri ni volti 144 na inverta, kile kifaa kinachoandaa umeme wa mota, inazipandisha mpaka 520, hakuna kujaribu. AC nayo hivyo hivyo, kompresa ni ya umeme na ina oili yake maalumu, anayetaka kujaza gesi na oili yoyote mkimbie.

Ningenunua tena? Kwa mizunguko yangu ndiyo, kesho asubuhi. Kama wewe gari linatoka Jumapili kwenda kanisani tu au kila wiki uko njia za mashamba, chukua ya kawaida, hela ya mafuta utakayookoa haitakulipa usumbufu. Mimi feni naisafisha kila miezi sita. Nyumbani bado tunagombana kuhusu machungwa, mama watoto anasema gari gani inachagua mizigo, nami namwambia yakae juu ya siti na yafungwe mkanda.